Kisanduku cha Mengineyo

Gereza la Cefn Garw, wiki ya tatu ya Novemba.
Mvua ya Wales hainyeshi, inakaa,
kama mgeni aliyekwisha kuvua viatu.
Nami nimepewa meza, kompyuta, nenosiri la herufi kumi na mbili,
na chumba kizima cha watu waliokunjwa.

Mafaili elfu mbili mia nne na kumi.
Mengine yana unene wa mkate,
mengine karatasi moja: kaingia, kapimwa, katoka.
Klipu zimeota kutu, zimeuma karatasi
hadi zikaacha alama za meno.
Kuna moja linanuka sigara
za mtu aliyeacha kuvuta
mwaka ule mapafu yalipomwacha yeye.

Gethin wa mitambo anasema ni rahisi:
chapa jina, chapa namba, chagua ugonjwa kwenye orodha.
Usichokiona kwenye orodha hakipo.
Kisha huyo, anakwenda kunywa chai.

Sitetei karatasi.
Faili la Tudball nimelishika kwa mikono hii.
Walimhamisha Ijumaa, gari la vidirisha vidogo,
saa tano barabarani,
na faili likabaki hapa chini ya kikombe cha mtu
likisubiri Jumatatu.
Jumapili alisema mara tatu kifua kinabana.
Kule waliandika: analalamika.
Mali bila daftari hupotea bila habari.
Lakini Tudball daftari alikuwa nalo.
Pumu, mstari wa kwanza, wino mwekundu,
na juu ya jalada duara la chai,
kavu, zuri, kama mhuri.

Basi nachapa.
Nachapa kwa hasira, vidole viwili viwili,
ili asitokee mwingine wa kusubiri Jumatatu.

Alhamisi nikafika kwa Idwal Pugh.
Kisukari. Kifungo, miaka kumi na minne.
Amekataa sindano.
Amekataa.
Amekataa. Mkorofi.
Amekataa.
Halafu, pembeni, kwa penseli, mwandiko uliolala,
wa muuguzi Eluned Prosser, aliyestaafu zamani:
*Usifunge mlango nyuma yake.
Simama wewe dirishani, yeye akae upande wa njia.
Mkono atautoa mwenyewe.*
Hakuandika kwa nini.
Pengine alimwambia, pengine hakumwambia;
penseli inajua kunyamaza.
Chini yake: damu imechukuliwa.
Damu imechukuliwa.
Kila miezi mitatu, miaka tisa.

Nikapekua mfumo mzima nikitafuta pa kuiweka.
Hakuna kisanduku cha mlango.
Hakuna kisanduku cha simama wewe dirishani.
Nikafungua orodha ya mzio:
penisilini, karanga, nyuki, mayai, plasta,
na chini kabisa, kama kiti cha aliyechelewa,
Mengineyo. Herufi sitini, basi.

Nikaandika:
*Mlango ukifungwa nyuma yake. Uache wazi. Mkono atautoa.*
Zikabaki tano. Sikuwa na la kuzifanyia.

Mfumo ukauliza: mzio huu ni mkali kiasi gani?
Mdogo. Wa kati. Wa kuua.
Nikachagua wa mwisho,
maana huo ndio unaowasha nyekundu.

Jumatatu ukaja ujumbe kutoka juu:
mlango si mzio, tafadhali rekebisha.
Sikurekebisha. Sikujibu.
Mkataba wangu ulikuwa unaisha Ijumaa,
na kijana wa mashine ya kusaga karatasi
alikwisha kuanza na herufi A.

Nilimwona akifika P.
Penseli haikutoa sauti tofauti na wino.

Nasikia Pugh walimhamisha majira ya kuchipua.
Wapi, sikuambiwa, na si haki yangu kuuliza.
Ila najua gari halikuhitaji kubeba kitu.
Najua kuna chumba, na muuguzi nisiyemfahamu,
mwenye foleni ndefu na kahawa iliyopoa,
anabonyeza jina,
skrini inawaka nyekundu,
anasoma, anakunja uso, anasoma tena,
kisha anageuka
kuutazama mlango.